Lori la Uongo kwenye Njia ya Nyankunde

Delphin alikuwa fundi redio hodari na mwongo wa wastani, na asubuhi hiyo alipotoka mtaa wa Bigo alihitaji kufaulu katika yote mawili. Kando yake ndani ya gari alikaa Mama Pétronille, mama wa mchumba wake Tina; mama huyo alikuwa amekwisha kumkataa mara mbili. "Mwanaume wa kushinda na waya," alisema, "atamulisha mutoto wangu waya?" Leo Mama alikuwa anakwenda Nyankunde kumwona dada yake, na Tina, kwa ujanja wake, alikuwa amempatia Delphin kazi ya kumpeleka.

Basi Delphin akapanga mambo. Chini ya dashibodi alifunga skana, redio ya kusikiliza motorola, simu za upepo za madereva, akaiunganisha na kipokezi cha GPS alichokibandika juu ya paa. Madereva wa kila sehemu wana chaneli yao. Gari likikaribia sehemu ambayo digrii zake zimeandikwa ndani ya skana, GPS inaiambia, na skana inafungua chaneli hiyo yenyewe. Huo ulikuwa ukweli. Uongo ulikuwa kwa rafiki yake Gaël, aliyesimama njia panda na motorola mkononi, tayari kutangaza kwamba lori limelala barabarani. Delphin angesikia, angekata kwa njia ya mashambani, na mama mkwe angeona kumbe waya zina faida.

"Mama, hii mashine itatuambia njia yote," alijigamba.

Wakavuka daraja. Kimya. Wakapanda kilima. Kimya. Tena, kwa upumbavu wake, skana aliifunga mbele ya magoti ya Mama, na mkwe mwenye adabu hapitishi mkono pale, hata kumtazama usoni hathubutu. Alikodolea macho barabara, akijilaani.

"Mashine yako imelala?"

"Iko natafuta, Mama."

"Itafute."

Alichosahau Delphin ni kwamba Mama Pétronille alishika redio ya misheni miaka kumi na tisa, akiwaelekeza marubani wa ndege ndogo. Digrii za Nyankunde kwenye ramani alizijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe. Delphin akamsikia akibonyeza vitufe vya skana, ti, ti, ti. Kisha Mama akaguna.

"Delphin. Hii kazi ulijifunzia wapi?"

"Ku Goma, Mama."

"Njo maana. Umeandika Nyankunde iko un degré Sud. Goma njo iko Sud. Siye huku tuko Nord! Mashine iko nangojea tuvuke ikweta."

Delphin alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkono uliozoea Goma ulikuwa umeandika S ya kusini bila kufikiri. Mama akabonyeza tena. S ikawa N ya kaskazini, na skana ikapasuka kwa sauti.

"Kamio iko wapi?" dereva mmoja alifoka, akilitafuta lori. "Miye napita hapa, hakuna kitu!"

"Tulia, muzee." Huyo alikuwa Gaël, aliyedhani gari la Delphin limekwisha kutoka sehemu hiyo. "Hii kamio ni ya uongo. Ni ya kudanganya mama mukwe wa Delphin. Ule mama iko mukali kuliko barrière ya askari!"

Madereva wote wakacheka. Skana husikiliza tu, haijibu, kwa hiyo Delphin hakuwa na njia ya kumnyamazisha rafiki yake. Na kitufe cha kupunguza sauti kilikuwa kule kule magotini. Mama hakukigusa.

Walifika Nyankunde. Delphin akazunguka, akamfungulia mlango, macho chini, akijua Tina amemponyoka.

Mama akashuka taratibu, akajifunga vizuri kitenge chake.

"Muongo simupendi," alisema. "Lakini muongo wa kujitengenezea mwenyewe mashine ya kumuchongea, ule hatasumbua Tina. Ambia baba yako alete wazee siku ya samedi, tuongee mahari."