Ruhusa ya Kula

Mchana ukifika na Bingwa hajamwita mtu wa wodi ya chini, ilikuwa kazi ya mwanafunzi kwenda kutoa ruhusa ya kula.

Hakuna aliyemfundisha namna ya kuitoa. Miaka yote ya chuo alikariri mishipa na mifupa mpaka akawa anaitaja usingizini, lakini jinsi ya kumwambia mtu aliyefunga mdomo tangu jana jioni kwamba leo tena hapana, hilo halikuwa na mhadhiri. Alijifunza mwenyewe. Usisimame mlangoni, utaonekana unatafuta pa kukimbilia. Usianze na pole, maana mgonjwa akiisikia tu atalia kabla hujamaliza. Vuta kiti, kaa, kisha sema.

Alikuwa kwenye zamu ya mafunzo ya upasuaji, na jina lake hospitalini lilikuwa Shikilia. Bingwa, daktari mkuu wa upasuaji, hakujisumbua na majina ya wanafunzi. Walikuja, wakaondoka, na kazi yao mezani ilikuwa moja: kushika chuma kinachoachanisha kidonda ili yeye aone anachokata. "Shikilia!" husema, na binti wa watu hushika mpaka vidole vife ganzi. Wauguzi wakalidaka hilo jina, walinzi wakalidaka, hata mfua mashuka. Nyumbani alikuwa na jina zuri tu, la bibi yake, lakini siku nyingi zilipita bila kulisikia.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani walimwita Mama Sare, kwa kuwa alishona sare za shule. Alikuwa na uvimbe ulioziba nusu ya utumbo wake. Kila jioni aliambiwa asile, kila mchana akaambiwa ale.

"Nishakuona," alisema siku ile, Shikilia akiwa bado hajavuta kiti. "Ukija na uso huo najua leo nakula."

"Kesho, mama. Kesho wewe ndiye wa kwanza."

"Na jana nilikuwa wa kwanza, mwanangu. Huko kwenu wa kwanza wako wangapi?"

Hospitali ilikuwa na thieta mbili za upasuaji. Moja mashine yake ya usingizi iliharibika, ikageuzwa stoo ya vitanda vibovu. Iliyobaki ilikuwa ya wote, kwa maneno. Kwa vitendo ilikuwa ya wagonjwa wa ghorofa ya juu, wale wa vyumba vyenye mapazia na televisheni, ambao hushuka na lifti asubuhi wakinukia manukato, na kila mmoja wao ni dharura. Kinyama cha mgongoni cha mkandarasi kilikuwa dharura. Jipu la mpwa wa mkurugenzi lilikuwa dharura. Uvimbe wa Mama Sare ulikuwa wa kusubiri.

"Sogea basi," alisema Mama Sare, akiukata mkate wake vipande viwili. "Siwezi kula peke yangu, nitapaliwa."

Hicho ndicho kilikuwa chakula pekee ambacho Shikilia alikila ameketi. Vingine alivila wima kwenye chumba cha mashuka, au hakuvila. Bwenini chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kikiwa godoro tupu, kwa kuwa mwenzake alipelekwa hospitali ya mji mwingine. Akipiga simu nyumbani, mama yake hupokea kwa shangwe, "Daktari wetu huyo!" Kisha simu huanza kuzungushwa. Mjomba anaeleza mgongo, jirani anaeleza macho, shangazi anataka kujua kama kichwa kinaweza kuuma upande mmoja tu. Mpaka simu imrudie mama, salio limekwisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake akangoja jibu. Mama Sare alimuuliza, tena huku akimkagua kwa jicho la fundi. "Kiuno kimepungua. Sketi hiyo ukiniletea nikitoka, naipunguza bure."

Kuna siku Shikilia alijikuta anaungojea mchana tangu asubuhi. Alipotambua kwamba anachongojea ni yule mama kukataliwa tena, ili wao wawili wale pamoja, aliona aibu iliyomchoma masikio.

Baada ya hapo alianza kumwombea aitwe. Hakuitwa. Mwili wake ukawa unaisha kwa njia mbili, uvimbe huku na njaa huku, na dripu nazo zikawa zimekwisha stoo.

Asubuhi moja Shikilia alimkuta anatetemeka chini ya blanketi, midomo imepasuka, jasho la baridi shingoni. Alikwenda kwa sista wa zamu.

"Huyu wa dirishani hali yake si nzuri. Leo ataingia?"

"Ataingia wapi, Shikilia? Juu wako watatu, na wa kwanza ni mheshimiwa. Huyo peke yake ni kutwa nzima." Sista alikuwa anagawa dawa kwenye vikombe na hakuinua macho. "Mchana utampa ruhusa kama kawaida."

Mchana ulikuwa mbali. Shikilia alishuka kantini, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa na mkate.

"Mbona mapema?" Mama Sare alinong'ona. "Wakiniita je?"

"Leo hawakuiti. Nimeulizia. Kunywa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Akamshikia kikombe. Mama Sare alikunywa kwa pupa, kisha polepole, akachovya mkate, na rangi ikaanza kumrudi usoni. Alipomaliza alicheka kidogo na kusema kwamba chai ya wizi ina sukari zaidi. Shikilia alikwenda thieta akiwa na furaha, jambo ambalo halikumtokea tangu aanze zamu ile.

Alikuwa anasugua kucha kwenye sinki Bingwa alipoingia, simu mkononi, amekunja uso.

"Mheshimiwa kapata ndege," Bingwa alimwambia daktari wa usingizi. "Anakwenda kupasuliwa nje. Ametuona sisi wachinjaji. Na huyo anayefuata hajashushwa."

"Tumwite nani?"

"Yule wa utumbo kule chini. Nimeshatuma machela."

Shikilia alibaki mikono juu, maji yakimtiririka viwikoni. Alitaka kukimbia wodini, lakini machela ilikuwa imeshafika mlangoni. Mama Sare alilala juu yake na kofia ya kijani kichwani, anatabasamu na kila mtu, hata na msukuma machela. Pete yake alikuwa amemwachia jirani wa kitanda.

Daktari wa usingizi alimwinamia. "Mama, mara ya mwisho umekula lini?"

"Jana jioni."

"Hata maji?"

"Hata mate nimetema."

Watu wakacheka. Mama Sare hakumtazama Shikilia. Aliitazama taa kubwa ya juu, na mikono yake ilikuwa imekamata kingo za machela.

Shikilia alijua kinachofuata. Mtu akilazwa usingizi na chai tumboni, chai hupanda, na ikipanda huingia mapafuni. Wengine hawatoki mezani. Alijua pia kwamba Mama Sare asipopasuliwa leo, hakuna aliyejua atapasuliwa lini. Sindano ilikuwa imeshafika karibu na mkono.

"Amekula," alisema.

Daktari wa usingizi akageuka. "Nani?"

"Mama huyu. Chai ya maziwa na mkate. Asubuhi hii. Mimi ndiye niliyempa."

"Mwongo!" Mama Sare aliinuka kwa viwiko. "Daktari, huyu mtoto kanichanganya na mtu mwingine. Sijala. Nipasueni." Kisha akamgeukia Shikilia na sauti ikashuka, ikawa ile ya kwenye kitanda cha dirishani. "Mwanangu. Waambie umekosea. Waambie tu."

Shikilia alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamlowesha barakoa na hakuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa safi.

Bingwa hakupandisha sauti. "Kwa nini umempa mgonjwa wangu chai?"

"Nilijua hataitwa."

"Ulijua. Ratiba unapanga wewe siku hizi?"

"Hajawahi kuitwa, Bingwa. Kila siku anafunga, na kila siku..."

"Nimekuuliza kama ratiba unapanga wewe."

"Hapana, Bingwa."

Daktari wa usingizi alikohoa. "Tukingoja mpaka alasiri tumbo litakuwa limetulia. Anaweza kuingia."

"Alasiri niko kwenye kliniki yangu." Bingwa alivua glavu, akaziacha zidondoke. "Andikeni upasuaji umeahirishwa, mgonjwa amekiuka masharti ya kufunga. Atapangwa upya. Na huyo wa ngiri, shemeji wa mkurugenzi, ashushwe, asitupotezee muda. Shikilia, nawa tena. Umejigusa."

Hakuwa amejigusa, lakini alinawa tena. Mlango ulifunguliwa, machela ikatoka, nyingine ikaingia inanukia manukato. Alishika chuma. Ngiri ilikuwa ndogo, Bingwa alikuwa na hadithi nyingi za kusimulia, na kila mtu alicheka palipotakiwa.

Mchana alishuka wodini kutoa ruhusa. Mama Sare alikuwa amelala chali, sahani ya chakula imewekwa kando haijaguswa. Shikilia alivuta kiti, akaketi.

"Unaweza kula sasa, mama."

"Sili."

"Leo imeshapita. Hawatakuita tena leo."

"Na asubuhi ulisema hivyo hivyo." Hakulisema kwa hasira. "Umeniambia hawaniiti, wakaniita. Sasa wakija tena watanikuta tayari."

"Mama, mwili hauna nguvu. Ukifunga mfululizo hutafika hata huko kwenye kisu."

"Wameandika nimekiuka masharti. Msukuma machela kaniambia. Mimi, nimefunga siku zote hizi, ndiye niliyekiuka." Akafumba macho. "Basi sikiuki tena."

Mgawa chakula alipita na kigari, akauliza kama kitanda cha dirishani hakitaki. Akaichukua sahani, akampa mtu wa kitanda cha pili.

Shikilia alikwenda kuchukua pamba, akailowesha kwa maji, akarudi. Ile midomo ilikuwa imepasuka mpaka inatoka damu. "Si kula, mama," alisema. "Ni kulowesha tu." Alipoigusisha pamba, Mama Sare aliibana midomo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, lisipenye hata tone, macho ameyaelekeza mlangoni, na maji yakamchuruzika kidevuni yakalowesha mto.