Semina ya Wakati wa Bamvua

Ofisini siku huhesabiwa kwa kalenda. Wakulima wa mwani huzihesabu kwa mwezi wa angani. Ndiyo maana semina ya wanawake wajasiriamali, pale Kilwa Masoko, iliangukia katikati ya bamvua, siku zile maji yanapokupwa mpaka mbali, na mashamba ya mwani yakabaki wazi. Bamvua likipita, hata ulie, shamba hulifikii.

Na mwani wa Mwahija, mkulima wa kijiji cha jirani, ulikuwa umeanza kuota weupe. Alijua kwamba tawi jeupe huoza na kukatika, na ugonjwa ukahamia kwa jirani. Asichokijua ni namna ya kuuzuia. Aliposikia wataalamu wanakuja kwenye semina, akaamua kwenda.

"Bamvua hili, wifi?" Sada, dada wa mumewe, alimshangaa. "Kata huo mweupe, uokoe mbegu. Mimi shamba langu tu linanishinda."

"Kila mwaka tunakata, na kila mwaka unatufia. Safari hii nataka kujua dawa."

Akaenda. Mkufunzi, Bwana Benedikto, alikuwa mcheshi wa kupindukia. Aliwaimbisha "mali bila daftari hupotea bila habari" mpaka koo zikawakauka. Akawafundisha kumchekea mteja na kutafuta soko. Siku ya kufunga, Mwahija alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mwani wangu unageuka mweupe. Nifanyeje?"

"Mama yangu, nisikudanganye, mwani wenyewe sijawahi hata kuushika," Benedikto alisema. "Lakini swali zuri sana. Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Makofi, jamani! Mwahija alitamani ardhi ipasuke.

Alirudi kijijini akapitiliza pwani, na gauni lake la semina akajitosa majini, nayo yalikuwa yameshaanza kugoma kukupwa. Yakamfika kifuani. Akapapasa kamba moja, tupu. Nyingine, tupu. Vijitawi vilivyosalia vilimvunjikia mkononi, vimelainika kama ndizi iliyooza. Hakupata hata kipande cha kupandia. Akalia humo humo majini, kwa hasira na kwa uchungu, maana kosa alilifanya mwenyewe na alikuwa ameonywa.

Sada alikuwa ameketi mchangani. Mwahija alimwendea akitiririka maji.

"Wifi, nimekwisha. Nigawie mbegu nianze upya."

Sada hakuinuka.

"Ugonjwa umeshahamia kwangu," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe, uniambie dawa."