Mkono wa Kushoto Uliozidi

Alasiri hiyo binti alisimama katikati ya chumba cha kushonea, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama mtu anayetembea usingizini.

"Mama, blauzi hii imenimeza."

Ilikuwa kweli. Mkono wa kulia uliishia pale ulipotakiwa kuishia. Wa kushoto ulipita vidole, ukaning'inia hewani bila habari.

Mama yake alizima pasi. "Geuka. Geuka tena. Simama wima, acha kucheza."

"Nimesimama wima. Nguo ndiyo imelala."

Karatasi za kukatia nguo zilikuwa zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba iliyotoka dirishani hadi mlangoni. Feni ilizipuliza taratibu, hivi kwamba muda wote ungedhani kundi la watu wembamba wasio na vichwa linakatiza chumbani, halina haraka. Binti aliwazoea. Mama naye aliwazoea, ingawa kuna siku alijikuta akiwapisha wapite.

Karatasi hizo zilichorwa na programu. Unaingiza vipimo vya mwili, programu inachora vipande, unachapisha, unakata. Haikuwa mali ya kampuni yoyote. Ilikuwa programu huria: msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha, na watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso waliijenga kipande kwa kipande baada ya kazi zao za mchana. Walijuana kwa majina ya kujipachika. Mama huyu aliitwa Pindo, nasi tumwite hivyo hivyo.

Desturi yao ilikuwa moja. Hakuna badiliko lililoingia moja kwa moja. Uliliweka mahali pa wazi, wenyewe wakisema umelianika, likakaa hapo mpaka wenzako walishike, waligeuze, waseme neno. Likishakauka, mwenye ufunguo, yaani ruhusa ya kuingiza mabadiliko, alilipokea. Na kwa kuwa maneno ya watu wasioonana huchoma upesi, waliandika Kanuni za Heshima. Ya kwanza ilisema: zungumza juu ya kazi, si juu ya mwenye kazi. Walinzi wa Kanuni walikuwa wawili, Pindo na mwenzake wa mbali aliyeitwa Mwalimu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Pindo aliketi mbele ya kompyuta ili atoe taarifa juu ya mkono. Akakuta wenzake wameshaitoa, na balaa limeshaanza.

Mtu mmoja alikuwa amelalamika kwamba mkono wa kushoto unazidi. Chini yake Sindano alikuwa amejibu. Sindano ndiye aliyeanzisha programu, ndiye mwenye ufunguo, na hakuna aliyeujua msimbo ule kama yeye. Aliukagua mstari wenye kosa, akaona umebeba alama ya mgeni aliyeitwa Utepe, akamwandikia mbele ya watu wote:

"Utepe, aliyeandika mstari huu hajui kulia kwake wala kushoto. Kichwa chako ni cha kuvalia kofia tu. Nenda kashone matambara ya kufutia sahani, utuachie nguo."

Na kwenye sanduku la walinzi kulikuwa na ujumbe wa Utepe, mfupi. "Sikuomba kusifiwa. Niliomba kusomwa. Kwaherini."

Pindo alisoma mara moja, akafumba macho. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha uani, alisikia vidole vikigonga kibonyezi kimoja baada ya kingine, mbio mbio, kama mvua ndogo juu ya bati. Aliijua mvua hiyo. Sindano alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Watu wa mradi hawakulijua hilo. Halikuwa siri ya kufichwa, ila hakuna aliyewahi kuuliza. Mdogo wake alikuwa amegombana na kila bosi aliyempata, akarudi na begi moja, akapewa chumba cha uani. Tangu hapo mradi ndio uliomwamsha asubuhi. Ukimtoa humo, anabaki na kitanda na dirisha. Mama yao kabla hajafumba macho alimshika Pindo mkono akamwambia, "Huyu usimwachie mkono." Pindo alijibu "ndiyo mama," kama watu wote wanavyojibu pale.

Lakini Kanuni pia zilisema mlinzi mwenye undugu na anayelalamikiwa akae pembeni. Sentensi hiyo aliiandika Pindo mwenyewe, siku ambayo ilikuwa rahisi kuiandika.

Akaenda akagonga mlango wa uani.

"Ingia, dada. Kama ni chai, bado nina."

"Si chai. Umemwandikia nini Utepe?"

"Ukweli."

"Kichwa cha kuvalia kofia ndio ukweli?"

Akacheka bila kugeuka. "Wewe ndiye wa kunifundisha lugha laini? Jana umemwambia mwenye duka unga wake una umri mkubwa kuliko mtoto wako."

"Nilisema unga. Sikumsema yeye."

"Ni yale yale."

"Si yale yale, na unajua. Amejitoa."

Vidole vilisimama kidogo. "Mtu akitolewa na maneno mawili, alikuwa hajaingia. Mimi naangalia kazi, dada. Watu wanavaa nguo hizi. Mkono umezidi, wewe unaniletea machozi."

Pindo alirudi chumbani. Alikuwa na nguo za kunyoosha, na hasira humnyooshea vizuri. Lakini joto la alasiri lilikuwa zito, mvuke wa pasi ulipanda ukazunguka karatasi, feni ikaimba wimbo wake wa siku zote. Akaiweka pasi pembeni, akaegemea rundo la shuka, usingizi ukamchukua kabla hajakubali.

Akajiona katika ukumbi usio na kuta. Watu walikuwa wamekaa duara, wengi mno, wanashona kitambaa kimoja kikubwa kilichopanda mapajani mwao na kushuka kama ardhi yenye vilima. Nyuso hazikuwapo, wala hakuna aliyezikosa. Kila mtu ulimjua kwa mshono wake. Huyu anavuta uzi mno, yule anaacha nafasi, na ule mshono ulionyooka kama maji yametulia ulikuwa wa mdogo wake. Mahali fulani mtu aliinuka. Alichomeka sindano yake kwenye kitambaa akaondoka, na pale alipokuwa amekaa pakaanza kuingia baridi. Mshono wa jirani ukalegea, na wa jirani yake. Pindo alitaka kunyoosha mkono aushike mshono ule, lakini mkono wa blauzi yake ulikuwa mrefu, mrefu, umejaa kitambaa, vidole haviko popote. Akaupandisha kwa kuukunja. Akaukunja tena. Jinsi alivyoukunja ndivyo alivyokumbuka kwamba kuukunja hivi amekuzoea, amekuzoea kwa miaka.

Akaamka. Binti alikuwa amemfunika kanga miguuni.

"Mama, ulikuwa unakunja hewa."

Pindo aliinuka. Alifungua kabati, akachimbua chini ya mablanketi, akaitoa blauzi ya kijani iliyopauka. Ilikuwa nguo ya kwanza kabisa kuchorwa na programu, wakati ambapo mradi mzima ulikuwa ni yeye na mdogo wake wakibishana mezani. Akaivaa juu ya gauni. Mkono wa kushoto ukapita vidole ukaning'inia, kama ule wa binti. Miaka yote aliuvaa umekunjwa, akiamini ni mkasi wake uliokosea. Katika familia yao bega la kushoto hukaa chini kidogo kuliko la kulia. Watu wengi huandika kipimo kimoja kwa mabega yote, kosa halionekani. Wao huandika viwili.

Na siku blauzi hii inashonwa, Utepe alikuwa hata hajausikia mradi.

Hakuivua. Alirudi uani nayo hivyo hivyo, mkono ukimpepea ubavuni.

"Angalia."

Mdogo wake aligeuka, akatabasamu. "Ile ya kwanza! Bado unayo?" Kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Alitazama mkono. Alitazama skrini. Akafungua faili, akarudi nyuma mabadiliko baada ya mabadiliko, na Pindo akasimama nyuma yake akiona mistari ikipanda kama moshi.

Utepe hakuwa ameandika mstari ule. Alikuwa amepanga pambizo za faili zima, zile nafasi tupu mwanzoni mwa mistari, kazi ya usafi ambayo hakuna mtu anaitaka. Na programu inayotunza historia ya msimbo huweka kwenye kila mstari alama ya aliyeugusa mwisho. Ukinyoosha pambizo, mistari yote inakuwa yako, pamoja na dhambi za waliokutangulia. Ukirudi nyuma ya usafi ule, mstari wa mkono wa kushoto ulikuwa na alama ya Sindano.

"Ni wangu," alisema.

"Ni wako."

"Kosa la kitoto. Niliangalia alama ya juu tu." Alivuta kibodi upesi, akaanza kuandika, akisoma anavyoandika. "Utepe, samahani, nilidhani mstari ni wako..."

"Simama hapo," Pindo alisema. "Na ungekuwa wake?"

"Nini?"

"Ungekuwa wake kweli. Kaandika yeye, kakosea yeye. Kichwa kingekuwa cha kofia?"

Aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Unamwomba radhi kwa kukosea mtu," alisema Pindo, "kama vile yupo mtu aliyestahili maneno yale, ni anwani tu umeikosa. Sasa mwenyewe umejulikana. Haya, jiambie. Nenda kashone matambara."

Mdogo wake aligeuza kiti. Aliushika mkono mrefu wa blauzi ya dada yake, akaukunja polepole kama anayemvalisha mtoto, akauachia.

"Utanitoa, dada?"

Hilo ndilo aliloliogopa tangu mwanzo, na sasa lilikuwa limekaa nao chumbani. Angeweza kusema hapana. Mwalimu alimwamini, angepitisha onyo dogo alilopendekeza yeye, mambo yangeisha.

"Nitakaa pembeni," alisema. "Atakayeamua ni Mwalimu. Namwambia leo kwamba wewe ni ndugu yangu."

"Kwa hiyo unaniachia mkono."

"Sikuachii. Nitakaa hapa hapa akiamua. Ila sitakunja mkono wa nguo halafu niseme nguo ni nzima. Nimefanya hivyo vya kutosha."

Mwalimu alipiga simu siku iliyofuata, ndugu wote wawili wakimsikiliza, sauti yake ikitoka mahali ambako jogoo alikuwa anawika wakati huku jua limeshapinduka. Ujumbe wa Pindo juu ya undugu alishausoma; akaguna. "Ndiyo maana mnabishana kama watu mliogawana kitanda." Kisha akamgeukia Sindano. Ufunguo auweke chini msimu huu. Kazi zitapokelewa na wengine. Na akitaka kusema neno juu ya kazi ya mtu, kwanza alisome kwa sauti mbele ya mtu mzima mwenye masikio.

"Hiyo adhabu ya watoto," Sindano alisema.

"Watoto hawaihitaji, ndugu yangu. Wao hutukanana wakiangaliana, ndiyo maana wanapatana kabla ya chakula."

Mdogo wake alikata simu, akajifungia. Kwa siku kadhaa mvua ndogo ya nyuma ya ukuta haikunyesha. Pindo alimpelekea chakula, alirudishiwa sahani nusu. Hakubembeleza. Alinyoosha nguo, na usiku mmoja mmoja aliota ule ukumbi, na ile nafasi yenye baridi.

Kisha mchana mmoja mdogo wake alitokea mlangoni na karatasi mkononi. "Niazime masikio," alisema, na Pindo akaacha pasi. Alisoma. Alimwandikia Utepe kwamba kosa lilikuwa lake tangu siku ya kwanza. Kwamba hata kama lisingekuwa lake, maneno yale hayakuwa ya kumwambia mtu. Kwamba kazi ya pambizo ilikuwa safi na hakuisoma, aliikanyaga tu kupita. Alipofika kwenye "kofia" akarudi kuanza tena.

"Ondoa hapo unapojieleza kwamba ulikuwa umechoka," Pindo alisema. "Wote tumechoka."

Akaondoa.

Mstari wenyewe hakuurekebisha. Angeumaliza kabla chai haijapoa, na vidole vilimwasha, lakini aliuacha wazi, akaandika tu kwamba nafasi ipo kwa anayetaka. Binti akaenda matembezini na blauzi yake imekunjwa mkono mmoja. "Fasheni," aliwaambia wenzake, na wawili wakamwiga.

Majibu yalikuja siku Pindo alikuwa amesahau kuyangoja. Utepe alikuwa ameanika badiliko, dogo, limekunjwa vizuri, na chini yake maneno machache: "Nimerudi kwa ajili ya mkono, si kwa ajili yako."

"Haki yake," mdogo wake alisema. Akaisoma kazi yote, mstari kwa mstari, kisha akaja akasimama chini ya kamba, kati ya wale watu wa karatasi, wakimgusa mabegani wakipita.

"Mkono umepona. Ila bega sasa linabana. Nimeandika: umesahau bega," alimsomea dada yake.

"Mh."

"Bega limesahauliwa?"

"Mh."

Alifuta, akafikiri, midomo ikicheza. Pasi ilipumua. Karatasi moja ilizunguka taratibu, ikampa mgongo, ikamrudia.

"Mkono umekaa sawa kabisa. Bega la kushoto linabana kidogo nikiweka vipimo viwili. Nikutumie vipimo vya dada yangu, ujaribu navyo?"

Pindo aligeuza blauzi ya kijani kwenye meza ya pasi, akaunyoosha mkono ule mrefu wote, mpaka mwisho, bila kuukunja.

"Tuma," alisema.