Vyondo vya Mtaroni

Kiangazi cha mwaka 1998 Peris alikuwa ng'ambo, katika mji wa Crystal, nyumbani kwa mwanawe Wanjohi, akimlea mjukuu. Wanjohi na mkewe Nkirote walifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Golden Valley, mmoja akirudi mwingine akitoka, na nyumba yao ilikuwa na kila kitu isipokuwa kazi ya kumtosha mtu aliyezoea jembe. Peris alipangusa meza safi, akakunja upya nguo zilizokunjwa, akawaza tangi lake.

Lilikuwa tangi la maji, lita elfu kumi, la kuwekwa kando ya nyumba yake Othaya, Nyeri. Bei yake dola mia tisa. Mara tatu Wanjohi alijitolea kulinunua, mara tatu Peris akakataa. Alitaka kufungua mfereji wa tangi lake mwenyewe bila kumshukuru mtu.

Siku moja, akisukuma kigari cha mtoto kando ya reli, aliona mimea mtaroni, mirefu kumpita, imesongamana. Akavunja mmoja, akavuta gamba. Likachunika lote, kutoka shina hadi ncha, refu na laini. Peris akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota pochi. Kwao gamba la namna hiyo lingegombaniwa. Hapa halikuwa na mwenyewe.

Tangu hapo kigari kilikwenda na mtoto, kikarudi na mtoto na mzigo. Nyuma ya gereji Peris alipukusa majani na kuyatandaza kwenye bustani ya sukuma wiki ili udongo usikauke. Mashina aliyaloweka kwenye pipa, akayachuna gamba, akasokota nyuzi pajani. Kiondo kimoja kilimchukua siku tatu, naye akakiuza dola thelathini. Vyondo thelathini, tangi. Kufikia mwanzo wa Septemba alikuwa amesuka ishirini na vinne, na akina mama wa kanisa walikuwa wamenunua ishirini na viwili.

Ndipo jirani yao, mzee Gregory, aliyekulia shambani, alipochungulia uani. Akayatazama mashina, akaitazama bustani, kisha akaketi juu ya ndoo na kucheka hadi akajifuta macho kwa kofia. Wanjohi alisikiliza maelezo yake huku uso ukimbadilika.

"Mama, anasema hiyo ni bangi."

"Mwambie hiyo ni kamba."

"Ni bangi, Mama. Bangi mwitu."

Gregory alieleza kwamba wakati wa vita vikuu vya pili serikali ilimbembeleza baba yake aipande kwa ajili ya kamba za meli. Ilimpa mbegu, ikajenga na kiwanda. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa na serikali ikageuza nia, ila mbegu hazikuambiwa. Hii hailewishi hata mbuzi, alisema, na yeye na wenzake walikuwa wakienda Saint Paul, kwenye bunge la jimbo, kuomba ruhusa ya kuipanda tena. Nyuzi zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuwa na mmea na majani yake.

Wote wakageukia sukuma wiki.

Wanjohi alitaka kuyachoma majani saa ileile. Nkirote, aliyekuwa mlangoni na sare ya kazi, alimwuliza kama anataka mtaa mzima upate habari kwa pua. Wakayazika, mashina nayo.

Peris hakushika koleo. Alikuwa akimhoji Gregory. Akiruhusiwa atapanda ekari ngapi? Mia mbili. Nani atachuna gamba? Mashine. Iko wapi? Mzee akakiri kwamba haikuwapo.

"Mwambie atafute mashine kwanza," Peris alisema. "Mimi kiondo kimoja kimenila siku tatu. Yeye ekari mia mbili zitamwozea."

Jumamosi, habari ikiwa imeshafika kanisani, akaja Philister, mke wa mchungaji, na kiondo chake ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kiondo hicho alikuwa amekibebea Biblia. Aliomba dola zake thelathini. Peris alimlipa haraka mno, akakiweka kiondo mezani na vile viwili vilivyobaki.

Philister akauliza atavifanyia nini.

"Nitaviuza. Dola tisini kimoja."

"Tisini? Nani atanunua, Mama Wanjohi?"

"Tangu juzi simu haijapumzika. Sheria imenifungia shamba, na hivi ndivyo vya mwisho. Hivi viwili vina wenyewe tayari. Hicho chako Margaret wa kanisani amekiulizia mara mbili, akisema ukikirudisha tu nimpigie."

Philister alimfikiria Margaret akiingia kanisani, kiondo mkononi, akikaa benchi la mbele. Akauliza kwa upole kama mwenyewe wa awali hawezi kupewa kwa bei ya zamani.

"Dakika tano zilizopita ungeweza, Mama Mchungaji. Kilikuwa chako."

Philister alifungua pochi, akarudisha zile thelathini, akaongeza sitini. Alitoka na kiondo begani, mifuko ameiacha kitini.

Pamoja na bei ya vile viwili, dola mia tisa zilikuwa zimetimia. Peris akamwuliza Wanjohi saa hizo Nyeri ni saa ngapi, na kama mwenye duka la matangi atakuwa ameamka.