Mbuzi wa Emérence

Emérence hakuwa na shamba. Hakuwa na nyumba, wala jembe la kwake, wala sahani zaidi ya ile moja aliyolia chakula pamoja na binti yake, Bénite. Blanketi hakuwa nalo, walijifunika kitenge. Mume hakuwa naye, na talaka pia hakuwa nayo.

Hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Mwaka 2001, askari walipojaa barabarani na biashara ya kahawa kulala, mumewe Ananie alihamia mji wa Beni, akaoa mwanamke mwingine. Emérence akarudi Butembo, kwa kaka yake Mbusa, mtaa wa Mususa.

Kwa desturi yao mwanamke hajaachwa mpaka ukoo wake urudishe mbuzi wa mahari. Kabla ya hapo ni mke wa watu, na baba zake hawampi shamba. Mvua za maharagwe zilikuwa karibu. Emérence alibeba matofali kwa kibarua. Siku mafundi wasipojenga, Bénite alilala na njaa.

Alimkuta Mbusa uani.

"Yaya, kaka yangu, rudisha mbuzi za Ananie. Niko nataka kulima."

Mbusa alicheka, akamwonyesha mkewe, Kavuo, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mbuzi zako? Ile pale, inatwanga."

"Basi munifunge kamba munipeleke Beni," akasema Kavuo bila kusimamisha mchi. "Nitalia mee mu njia yote!"

Walicheka wote watatu. Lakini ndivyo ilivyokuwa: Mbusa alimwoa Kavuo kwa mbuzi wale wale wa dada yake. Wawili waliobaki waliliwa na askari.

"Sasa nifanye nini?"

"Rudia bwana yako. Hapa hapana shamba ya bibi ya batu."

"Kule iko bibi mwingine mu nyumba."

"Donc, basi, utalala mu jikoni. Batu banaishi."

Mvua ikanyesha, majirani wakapanda. Mwezi uliofuata miguu ya Bénite ilivimba na nywele zake zikageuka rangi. Kila mama pale aliijua bwaki, ugonjwa wa kukosa chakula.

Emérence akaomba karatasi. Aliandika "Mume wangu", akafuta, akaandika "Baba Bénite". *Narudi. Jikoni panatosha. Nitalima shamba la mke wako. Mtoto apate maharagwe tu.*

Aligandisha bahasha kwa ugali aliokwangua chunguni kwa Kavuo. Uliobaki kidoleni alimpa Bénite alambe. Kisha akampa barua dereva wa pikapu ya Beni.