Zamu ya Teo

Kocha Lowell Tvedt alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwambia mtu habari mbaya usoni. Mambo mengine yote aliyaweza. Alikuwa akimtazama mkimbiaji mabega tu, akajua ana mafua. Alikuwa akifumba macho, akasikiliza vishindo vya miguu, akakwambia nani kachoka na nani anajifanya kachoka. Lakini kumkalisha kijana ofisini na kumwambia, "Safari hii huendi," thubutu! Afadhali apewe koleo aondoe theluji mji mzima.

Na wiki hiyo ya Februari alikuwa na habari mbaya ya kusema. Mashindano ya kanda yalikuwa yamebakiza wiki mbili, na Chuo cha Brandvold kilikuwa na nafasi moja tu katika mita elfu tano. Walioigombea walikuwa wawili. Merritt Haugen alikuwa mwaka wa nne, kijana wa shamba la ng'ombe wa maziwa, mrefu, mpole, ambaye wenzake walimwita Babu kwa sababu alikuwa akiwakumbusha kuvaa soksi kavu. Hakuwahi kwenda kanda hata mara moja. Mara ya kwanza aliumwa goti, mara ya pili walimzidi, mara ya tatu walimzidi kidogo. Hii ilikuwa ya mwisho. Teo Balderas alikuwa mwaka wa kwanza, mtoto wa Texas aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza Novemba akadhani ni mzaha wa siku moja. Miguu ya Teo mwishoni mwa mbio ilikuwa kitu kingine kabisa.

Kocha alikuwa ameshaamua tangu Krismasi. Teo angeleta pointi kanda, Merritt asingeleta. Kazi ya kocha ni kuchagua, hakuna ambaye angemlaumu. Basi si angesema tu? Wapi! Aliwaita wote wawili, akakohoa, akasema, "Tutaliacha liamuliwe na miguu. Jumamosi, kwenye mbio za hapa ukumbini, atakayetangulia kati yenu ndiye atakayekwenda." Merritt alimpa mkono kwa furaha. Hapo ndipo palipoharibika.

Maana Kocha aliporudi nyumbani usingizi ulimpaa. Itakuwaje Merritt akishinda? Merritt alikuwa mbishi wa mbio, akiwa na jambo moyoni humwangushi kirahisi.

Sasa, pale Brandvold kulikuwa na desturi, na aliyeianzisha ni Kocha mwenyewe. Wakimbiaji wawili wa timu moja wakiwa pamoja kwenye mbio, hupokezana kuongoza. Mizunguko miwili unavuta wewe, miwili anavuta mwenzako. Anayeongoza ndiye anayeumia, anapasua hewa na kushika kasi, aliye nyuma anapumzika. Kwa hiyo kukwepa zamu ilikuwa aibu kubwa. Aliyekwepa aliitwa kupe, na jina hilo lilimganda mpaka anamaliza chuo.

Kabla ya mbio, Kocha alimkuta Teo kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, anafunga viatu vyake vya misumari. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Teo, leo usishike zamu. Kaa nyuma ya Merritt mpaka nikuite."

Teo akainua uso. "Zamu zote, Kocha?"

"Zote."

"Si wataniita kupe?"

"Kocha ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Haya basi."

Ukumbi ulikuwa wa joto na mkavu, ile hewa ya ndani inayowafanya wakimbiaji wote wakohoe wiki nzima. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani. Katika viti vya juu alikaa baba yake Merritt, Gordy Haugen, ameshika kofia mapajani. Alikuwa amemwachia jirani kazi ya kukamua, akaendesha gari kwenye barafu tangu alfajiri. Hakuwa mtu wa kuja mashindanoni, ng'ombe hawana Jumamosi.

Bastola ikalia. Mbio za ndani ni mizunguko ishirini na mitano ya kizunguzungu, kona zimeinuka kama ukingo wa sahani. Merritt alivuta miwili ya kwanza, safi kabisa, kisha akasogea nje kidogo na kupunga kiwiko: pita, zamu yako. Teo hakupita.

Merritt akageuza kichwa. Kocha, aliyesimama ndani ya uwanja na saa mkononi, aliona uso wa kijana yule ukishangaa, kisha ukilainika. Akarudi mbele. Mizunguko miwili baadaye akapunga tena. Teo akatazama chini, wala hakusogea.

"Kupe!" akapiga kelele Whit Sorrell, mwenzao aliyekuwa pembeni anakula ndizi. "Teo, weee! Shika zamu, kupe mkubwa!"

Kocha alijifanya anatazama saa.

Mara ya tatu Merritt hakupunga kiwiko. Aligeuza shingo, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Kocha, huku pumzi inamkatika, "Unaumwa? Usijali, Teo. Kaa hapo hapo, nakuvuta."

Na akamvuta kweli. Alimvuta mbio nzima. Waliokuwa nyuma walikatika mmoja mmoja, na Merritt akaendelea kupasua hewa, shingo imekakamaa, mate yamemkauka mdomoni. Kocha hakuwahi kumwona akikimbia vizuri vile. Angekuwa amepumzika nusu ya mbio kama ilivyokuwa haki yake, nani angemshika? Swali hilo lilimchoma Kocha, akatamani kulitema. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipokaribia, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Sasa, Teo!"

Teo akapita. Alipita kama mtu anayemkwepa jirani barabarani, bila kumtazama. Merritt alijaribu kumfuata, Mungu ni shahidi alijaribu, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Akamaliza wa pili, akaanguka kwa magoti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Desturi nyingine ya Brandvold ni kwamba baada ya mbio Kocha hutembea na kila mkimbiaji mzunguko mmoja, njia ya nje kabisa, akimweleza alivyomwona. Wa kwanza ni aliyetangulia. Teo akaja, mikono imejificha ndani ya mikono ya sweta.

"Umekimbia vizuri," Kocha akaanza. "Mabega yako bado yanapanda kwenye kona, lakini hatua za mwisho…"

"Ameniomba msamaha, Kocha."

"Nani?"

"Babu! Amekuja kunikumbatia, jasho lote lile, ananiambia samahani, nilikwenda kasi mno na wewe ulikuwa unaumwa. Ananiuliza kama nimekula." Sauti ilimpasuka. "Mimi nitamtazama vipi yule? Niambie. Nitakaa naye meza moja vipi?"

"Nitazungumza naye."

"Utamwambia?"

Kocha akaitazama saa mkononi.

"Usipomwambia wewe namwambia mimi. Na hiyo kanda yako mpe mtu mwingine." Teo akamwacha katikati ya kona, akaondoka. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kukatisha ule mzunguko.

Merritt alikuja akitabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Uso ulikuwa mweupe, macho mekundu, lakini mtu mwenyewe ametulia.

"Usinipe pole, Kocha," akasema. "Nimeshalia kule chooni, yamekwisha. Unajua nilikuwa naogopa nini? Nilikuwa naogopa utaniita ofisini, useme Teo ndiye atakayekwenda, basi. Ningekaa na hilo maisha yangu yote, kwamba sikupewa nafasi. Leo nimepewa. Nimemwambia baba, nimeshindwa kihalali, nimefurahi. Na yeye kafurahi."

Walitembea upande mzima wa uwanja. Kocha alisikia viatu vyake mwenyewe. Angeweza kunyamaza. Kijana alikuwa na amani, kwa nini amnyang'anye? Lakini Teo angesema, na likitoka kwa Teo litakuwa baya mara mbili. Ndiyo, hata hapo alikuwa anapiga hesabu, na alijichukia kwa hilo.

"Merritt, Teo hakuwa anaumwa."

"Eh?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asishike zamu. Kabla ya mbio. Nilimwambia akae nyuma yako."

Merritt alisimama. Hakupiga kelele. Alimtazama Kocha kama anayejaribu kukumbuka jina lake.

"Kwa hiyo nilikuwa namvuta mtu asiyeumwa."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale unaniangalia."

"Ndiyo. Merritt, nafasi ni yako. Nitaandika jina lako leo hii, Teo mwenyewe anataka…"

"Nafasi gani tena, Kocha?" Hapo sauti ikapanda, Whit akageuka kutazama. "Ungeniambia tu! Ungeniambia tangu mwanzo, Merritt, namchukua Teo, ana kasi kukuzidi. Si ningekubali? Ningemvuta bure, kwa moyo wangu, mpaka nianguke! Unadhani mimi ni mtoto?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Kocha akaitika kwa kichwa. Lilikuwa jambo la kijinga kiasi kwamba Merritt alicheka, cheko fupi lisilo na raha, kisha akafuta uso kwa fulana.

"Baba yuko kule juu," akasema. "Nimemwambia imekuwa haki. Mimi sirudi kumwambia nilidanganya. Nenda wewe."

Akaanza kukimbia taratibu kupoza mwili, peke yake.

Kocha alipanda ngazi kwenda viti vya juu. Gordy Haugen alipomwona alisimama, akavaa kofia, akaivua tena, akanyoosha mkono mpana uliopasuka kwa baridi.

"Kocha, karibu ukae. Nilitaka nikushukuru. Kijana ameniambia ulivyofanya, kuacha miguu iamue. Si wote wangefanya hivyo."

"Bwana Haugen, sikufanya hivyo," akasema Kocha, na akakaa, akamweleza kila kitu, ngazi za nyuma, zamu, na ule ukelele wake wa mwisho. Alieleza akitazama magoti yake.

Alipomaliza, Gordy alikuwa anatazama chini uwanjani. Merritt alikuwa anazunguka polepole njia ya nje. Nyuma yake, hatua kumi hivi, Teo alikuwa anamfuata, analia wazi wazi bila kujificha, hathubutu kumfikia. Merritt hakupunguza mwendo, wala hakugeuka.

"Yule mdogo ana umri gani?" Gordy akauliza.

"Kumi na minane."

"Na ulimtuma yeye."

"Ndiyo."

Gordy akavaa kofia yake, akachukua koti la mwanawe lililokuwa kitini, akalikunja kwenye mkono.

"Nilidhani umemharibu mwanangu tu," akasema. "Kumbe umewaharibu wawili."

Akashuka ngazi kwenda kumngoja mwanawe mlangoni.