Sekunde Kumi na Moja za Geti la Kiwanda

Wapenzi wa sanaa, simameni. Anayewahutubia ni mtaalamu mkuu wa filamu za dawa za kulevya katika shule hii, asiye na mpinzani. Sasa kaeni. Nimeona filamu moja tu, maana shule ilikuwa na moja tu. Tulionyeshwa kila muhula, Jumamosi ya kwanza baada ya chakula cha mchana, bwaloni, mablanketi yetu yakiwa yametundikwa madirishani kuzuia jua.

Ilihusu kijana aliyeanza na moshi akaishia na sindano. Tuliijua kwa ghibu. Mama yake alipolia, bwalo zima lililia naye, kilio cha kinafiki kilichopangwa kwa sauti nne. Waziri alipotokea mwishoni kutuasa tuepuke marafiki wabaya, kila mmoja alisogea mbali na jirani yake mpaka wa mwisho akaanguka kutoka kwenye benchi. Nazikumbuka Jumamosi zile kwa hamu, hata harufu ya mablanketi.

Mpishi wetu, tuliyemwita Baba Mwiko, alikuja kusimama mlangoni kila filamu ilipoanza. Mwanzoni kulikuwa na sekunde kumi na moja za wafanyakazi wakitoka kwenye geti la kiwanda cha nguo, king'ora kikilia. Zikiisha, alirudi jikoni. Tulidhani anakagua kama tumekalia meza zake.

Mwaka jana mwalimu wa malezi alinikabidhi kanda niihamishie kwenye kompyuta kabla haijaoza. Alimpa fisi bucha. Nilikata yote yaliyonichosha, nikamfanya waziri aseme "epukeni" mara saba mfululizo. Geti lilikatwa la kwanza; pale hakuna hata aliyepigwa kofi.

Muhula uliofuata tukaonyeshwa. Watu walivunjika mbavu. Mwalimu akasema kanda za zamani ndivyo zilivyo, nami nikatikisa kichwa kama mfiwa.

Nilikuwa nakunja waya Baba Mwiko aliponijia, mikono ina povu.

"Wale watu wa geti wamekwenda wapi?"

"Kanda imezeeka, Baba."

"Yule wa tatu, mwenye koti begani, ni mdogo wangu. Hakuwa anaigiza. Kiwanda kilikuwa kinafungwa siku ile, watu wa wizara wakaja na kamera."

"Yuko wapi sasa?"

"Aliishia kama huyo kijana wenu. Waziri anasema ni marafiki. Marafiki zake niliwajua wote, tulikuwa zamu moja. Tulitoka watu elfu mbili, na hakuna mkubwa aliyekuja kutuuliza tunaamkaje. Aliyebisha hodi ni muuza unga peke yake."

Nikamuuliza kama hana picha yake nyingine.

"Ninayo ya kitambulisho, kanuna. Kwenye ile anatembea. Anageuka, anamcheka mtu aliye nyuma yake. Mtu mwenyewe ni mimi, ila sikuonekana, nilikuwa bado ndani ya geti."

Nikaendelea kukunja waya uliokuwa umeshakunjika.

"Kanda ikizeeka inatetemeka," akasema. "Inakwaruza. Hapa pamekatwa kama kitunguu. Nimekata vitunguu miaka ishirini, mwanangu. Kisu kilichonolewa nakijua."

Nilikuwa na uongo wa akiba, kama kawaida yangu: umeme, panya, kidato cha pili. Nikafungua kinywa nichague. Alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu anayesubiri kuelekezwa njia.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nilikata ili tucheke. Vipande nilivifuta."

"Na kanda yenyewe?"

"Niliuvuta utepe wote. Tukafumia wavu wa goli."

Akaanza kujifuta povu kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Goli lipi?"

"La kule bondeni. Lakini ni tangu muhula uliopita, Baba, na mvua imenyesha."